Mnaouliza kama mje kusomea Kijerumani huku

Wadogo zangu, kila mkinipigia mnauliza kama na nyie mje Ujerumani kusomea lugha na utamaduni wao chuo kikuu, kama ninavyofanya mimi. Nawajibu bila kuremba.

Shahada hii haimfundishi mtu kuongea Kijerumani. Unafika ukiwa nacho: kabla ya kupokelewa unafaulu mtihani wa lugha kama DSH au TestDaF, kisha unakaa darasa moja na vijana waliozaliwa na lugha hiyo, na mhadhiri hapunguzi kasi kwa ajili yako. Likizo nayo ni jina tu. Ndipo insha ndefu za semina zinapoandikwa, huku unafanya kibarua cha kulipia chumba.

Ila kuna somo linalowasawazisha wote, Kijerumani cha zama za kati, kile cha utenzi wa Nibelungen wa mnamo mwaka 1200. Wenyeji wenyewe hawakielewi mpaka wafundishwe. Aliyewahi kupambana na maneno ya kale ya tenzi zetu anaijua raha yake. Mimi fani hii niliipendea hapo.

Vyuo vingi vya umma havitozi ada, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kikwazo ni viza: asiye na ufadhili wala mdhamini huweka euro 11,904 za mwaka kwenye akaunti maalumu, anatoa 992 kwa mwezi. Wazazi waambiwe hilo mapema.

Na kazi? Ukimaliza unapewa hadi miezi 18 ya kutafuta, lakini hakuna nafasi inayokusubiri kwa jina la shahada hii. Wengi huiunganisha na ualimu wa Kijerumani kwa wageni, tafsiri, uchapishaji au makumbusho. Anayewahi mshahara asomee uuguzi, nao wanauhitaji sana.

Mimi siiachi, kwa sababu habari za utawala wa Wajerumani kwetu, Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vikiwemo, zimo kwenye mafaili ya Kijerumani, mengine Berlin, mengine Dar es Salaam, na mengi yana mwandiko wa zamani ambao vijana wa huku wenyewe hawausomi. Nataka tuwe wengi tunaoyasoma bila kusimuliwa na mtu. Mwenye hamu hiyo anitafute, tuanze na huo mwandiko hata kabla ya viza.