Maswali ya Wasomaji: Oili ya Injini na ya Haidroliki kwa Trekta la Zamani

SWALI: Ndugu Mhariri, nina trekta aina ya Massey Ferguson 135 lenye injini ya dizeli ya Perkins ya silinda tatu. Lilikaa bila kazi kwa muda mrefu, sasa limeanza tena kulima, na kitabu chake cha maelekezo kilipotea zamani. Fundi mmoja anataka niweke oili ya aina moja mbele, kwenye injini, na nyuma, kwenye gia na haidroliki. Mwingine anasisitiza kwamba nyuma ni lazima iingie oili nzito ya gia, yaani namba 90, kwa sababu gia za zamani ni kubwa. Naye muuza vilainishi ananionya kuwa oili za kisasa huua injini za zamani. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na injini, kwa kuwa hiyo ndiyo rahisi. Matrekta ya 135 yalianza kutengenezwa mwaka 1964, na vitabu vya enzi hizo kwa kawaida vilitaja oili ya daraja moja tu la uzito, kwa mfano SAE 30 (SAE ni kipimo cha uzito wa oili), kwa sababu ndiyo iliyopatikana kwa wingi. Leo SAE 15W-40 ya dizeli inafaa kabisa: injini ikiwa baridi hupita kwa wepesi na kuvifikia vyuma mapema, na joto likifika nyuzi 100 hubaki na uzito wa SAE 40. Kwenye alama za API, yaani taasisi ya mafuta ya Marekani inayopanga viwango vya ubora wa oili, herufi C huonyesha injini za dizeli na S zile za petroli. Mimi ningechagua CI-4, ambayo ilianza kutumika mwaka 2002. Viwango vilivyofuata, kuanzia CJ-4, viliwekewa ukomo wa majivu na wa fosforasi ili kulinda vifaa vya kusafisha moshi, vifaa ambavyo trekta lako halina. Na kama dizeli unayotumia ina salfa nyingi, utahitaji oili yenye akiba kubwa ya kuua asidi.

Onyo la muuzaji wako lina chembe ya ukweli, ingawa amelitia chumvi. Injini iliyotumia kwa miaka mingi oili isiyo na viambato vya kusafisha hujaza tope chini ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, na oili ya kisasa inapoingia huanza kulilegeza tope hilo, ambalo linaweza kuziba filta au chujio la pampu. Dawa yake si kuendelea na oili duni. Fungua sampu, uikwangue na kuiosha, weka filta mpya, kisha umwage oili ya kwanza mapema kuliko kawaida.

Nyuma ndiko kunakohitaji umakini zaidi. Katika 135, gia, difu na haidroliki hutumia oili moja iliyo katika bodi moja, na pampu ya haidroliki, yenye pistoni nne, imezama ndani ya oili hiyo na kuivuta kutoka hapo hapo. Kwa hiyo oili unayoitafuta ina kazi mbili zinazovutana: iwe imara kiasi cha kulinda meno ya gia, na iwe nyepesi kiasi cha kuingia kwenye pampu bila shida hata asubuhi ya baridi. Fundi wako wa pili anaiangalia kazi ya kwanza peke yake. Tena namba za oili ya gia zina kipimo chake tofauti na cha oili ya injini. SAE 90 ya gia ikiwa ya moto hukaribia uzito wa SAE 40 au 50 ya injini, wala si mara tatu ya SAE 30 kama wengi wanavyodhani. Tatizo lake huonekana ikiwa baridi, ambapo pampu hulia na mikono ya kunyanyulia jembe hupanda kwa kusuasua. Kama oili hiyo ni ya daraja la GL-5, yaani oili ya gia yenye viambato vikali vya kuhimili mgandamizo, kuna hatari nyingine, kwa kuwa viambato vyake vya salfa vinaweza kula bushi za shaba nyeusi.

Kinachotakiwa ni oili maalumu ya matrekta kwa gia na haidroliki, ile inayojulikana kama UTTO, yenye kukidhi vipimo vya Massey Ferguson kama M1135, M1141 au M1143. Soma mgongo wa dumu kwa makini. Maneno “kwa matrekta yote” hayathibitishi lolote bila namba ya kipimo. Nchini Marekani, oili ya John Deere iliyoitwa 303 ilitumia mafuta ya nyangumi na ikaachwa miaka ya 1970, lakini ndoo zenye namba hiyo ziliendelea kuuzwa kwa miongo kadhaa, ilhali kipimo chenyewe hakikuwepo tena.

Ushauri wa fundi wa kwanza unatekelezeka endapo tu oili yenyewe ni STOU, ambayo hutengenezwa kwa ajili ya injini, gia na haidroliki kwa pamoja. Ni oili ya maafikiano, na kwa mwenye trekta moja inapunguza madumu ghalani. UTTO, kwa upande wake, isiingie katika injini kamwe, kwa kuwa haikuundwa kubeba masizi wala kupambana na asidi zinazotokana na uchomaji wa dizeli. Hakikisha pia kama trekta lako lina Multi-Power, yaani mfumo wa kubadili kasi trekta likiwa linatembea bila kukanyaga klachi; klachi ya mfumo huo hufanya kazi ndani ya oili, na hapo UTTO ni bora kuliko oili ya kawaida ya injini.

SWALI: Oili ya haidroliki ya trekta langu la zamani imekuwa nyeupe kama maziwa. Je, inatosha kuongeza mpya juu yake?

JIBU: Haitoshi. Weupe huo ni maji. Ukitaka uhakika, dondosha tone juu ya bati la moto: likichatuka, maji yamo. Endesha trekta mpaka oili ipate joto, lisimamishe mahali tambarare, kisha fungua nati zote za kumwagia oili, maana kwa kawaida huwa zaidi ya moja na kila chumba hubakiza cha kwake. Osha chujio la pampu kabla ya kujaza. Halafu kagua mpira ulio chini ya mkono wa gia, ambao ukipasuka huruhusu mvua kuingia moja kwa moja. Kama weupe utarudi baada ya siku chache za kazi, tafuta kwanza maji yanapopenyea, ndipo ununue dumu jingine.