Mkebe wa Shosho na Ndevu za Mzee

SWALI: Shikamoo mzee. Baada ya kumzika shosho tulikuta mkebe wa mafuta ya kupikia umejaa sarafu kuukuu, nyingi zina kichwa cha Mzee Kenyatta. Kuna mtu ameniandikia kwamba shilingi ya 1966 ananunua kwa laki tatu, nitume kwanza elfu mbili za usajili. Nimeanza kuzisugua kwa majivu na ndimu zipendeze. Nitume hizo pesa? – Msomaji, Kayole

JIBU: Marahaba, na poleni kwa msiba. Usitume hata ndururu. Miaka yote hii ya kukusanya sarafu, sijaona mnunuzi anayelipwa ndipo alipe.

Na majivu hayo, weka chini sasa hivi. Shilingi yangu ya kwanza ya 1966 niliing'arisha kwa dawa ya shaba mpaka ndevu za Mzee zikawa kama zimepitiwa na kinyozi. Ninayo hadi leo, kwa sababu hakuna aliyeitaka.

Sasa zimwage kwenye kitambaa, uvae miwani. Shilingi ya Kenya ilichukua nafasi ya ile ya Afrika Mashariki mwaka wa 1966, shilingi moja kwa shilingi moja. Sarafu za 1966 hadi 1968 zina kichwa kitupu, bila neno lolote kukizunguka. Kuanzia 1969 yakaongezwa maneno ya Kiingereza yanayomtaja Mzee kuwa rais wa kwanza. Hizo za kichwa kitupu zitenge. Tenga pia senti 25 na shilingi mbili, maana hazikudumu. Na ukibahatika, shilingi tano ya 1973 yenye pembe tisa, ya kuadhimisha miaka kumi ya uhuru.

Asikudanganye mtu kwamba shilingi hizo ni za fedha. Ni shaba na nikeli. Zenye fedha, tena robo tu, ni zile za simba za mkoloni, za 1921 hadi 1946. Za Mzee zilizolika kwa kupita mikononi, mjini utapewa bei ya chai na mandazi. Inayotafutwa ni ile ambayo karibu haikutumika.

Mimi ningekimbilia zenye tundu. Tafuta senti tano au kumi ya 1964. Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa zimeshajitawala lakini bado zinatumia sarafu moja, basi ikapigwa bila taji wala jina la malkia. Taji limeondoka, Mzee bado hajafika! Hiyo huniacha nimeishika muda mrefu kuliko dhahabu.

SWALI: Nizihifadhi kwenye karatasi za nailoni? – Msomaji huyo huyo

JIBU: La. Plastiki laini hutoa utando wa kijani. Bahasha ndogo za karatasi, moja kwa kila sarafu, mahali pakavu. Shika ukingo, usiguse uso. Na ukiikuta ya 1964, niandikie kabla hujamwonyesha yule wa laki tatu.