Mwanachuo aanze kwa kumsikiliza mtoto

Nafundisha somo la kufundisha kusoma na kuandika katika chuo cha ualimu. Ukimwuliza mwanachuo maana ya utafiti, atakupa neno kwa neno kama lilivyo kwenye nukuu zake. Mkalishe na mtoto wa darasa la pili na ukurasa mmoja wa hadithi, hajui asikilize nini. Pengo hilo ndilo linaloniumiza, na ushauri wangu kwa wakufunzi wenzangu ni huu: kabla ya mhadhara wowote wa nadharia za usomaji, mpelekeni mwanachuo shule ya mazoezi akamsikilize mtoto mmoja akisoma.

Namna ninavyofanya ni nyepesi. Mwanachuo anabeba nakala mbili za ukurasa uleule na penseli. Mtoto anasoma nakala yake, mwanachuo anaweka alama kwenye ya kwake: neno lililorukwa, lililobadilishwa, mahali mtoto aliposita, mahali alipokisia kwa kutazama picha. Hasahihishi wala hasaidii. Hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu kila mwalimu kijana mkono unamwasha kusahihisha. Akisahihisha, anapata ukurasa uliosomwa vizuri na hapati habari yoyote ya mtoto.

Wakirudi chuoni, makosa yanatandazwa mezani. Mmoja amesikia "mutoto" badala ya "mtoto". Mwingine amesikia "buzi" badala ya "mbuzi". Nawauliza: haya ni kosa moja au mawili? Wengi hujibu moja, kwa kuwa yote yana herufi m mbele ya konsonanti. Basi nawaambia wapige makofi kwa silabi. M-to-to, makofi matatu. Mbu-zi, makofi mawili. Kwenye "mtoto" m inasimama peke yake kama silabi, kwenye "mbuzi" imeungana na b. Anayesema "mutoto" ameisikia silabi hiyo akaitafutia irabu, pengine kwa sababu lugha ya nyumbani kwao ina "mu". Anayesema "buzi" hajaweza kuushika mwambatano. Dawa zao hazifanani. Na mwanachuo ambaye mwenyewe hajawahi kuisikia tofauti hiyo hawezi kumfundisha mtoto aisikie, hata akariri vitabu vyote vya maktaba.

Hapo sasa utafiti unaingia, na unaingia mtu akiwa na njaa nao. Mwaka 2003 Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha uchunguzi wa makosa ya tahajia ya watoto wanaojifunza kuandika Kiswahili. Tumezoea kusema Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo ni rahisi. Wao walionyesha kwamba hata lugha ya namna hiyo mtoto haiandiki kwa urahisi tu, na kwamba makosa yake yana mpangilio unaoweza kuchunguzwa. Mwanachuo aliyetoka kusikia "buzi" kwa masikio yake anaielewa kazi hiyo kwa namna ambayo ubao hauwezi kumpa.

Kuna mtego mwingine wa kuwaonyesha mapema, nao ni mtoto anayesoma kwa kukariri. Darasa zima limeimba ukurasa wiki nzima, naye anautiririsha huku macho yako dirishani. Mwambie aanze mstari wa mwisho. Ziba picha kwa kiganja. Au mwandikie maneno ya kubuni yenye silabi za kweli, kama "tufeza" au "mbalo", uone kama anasoma herufi au anakumbuka wimbo. Simaanishi kwamba ba be bi bo bu ni mbinu mbovu. Kwa lugha yenye silabi wazi kama yetu, yaani silabi zinazoishia na irabu, silabi ni mlango mzuri, na sikubaliani na wanaotaka tuutupe. Tatizo ni mwalimu kusikia kwaya tu na kuondoka darasani akiamini kila mmoja anajua.

Wanachuo wafundishwe pia kuuhoji utafiti wenyewe. Waulize: walipimwa watoto gani, na katika lugha gani? Sehemu kubwa ya maandishi tunayotumia yametokana na watoto wanaosoma Kiingereza, ambacho tahajia yake ni kichaka. Seymour, Aro na Erskine walilinganisha lugha 13 za Ulaya, na katika matokeo yao ya 2003 watoto wa Kiingereza walichukua zaidi ya mara mbili ya muda kujenga msingi ambao wa lugha nyingi nyingine waliujenga mapema. Kwa hiyo ratiba ya miaka mingi ya kufundisha sauti na herufi haitufai kuinakili ilivyo. Na kasi pia: Kenya ilipoweka viwango vya kusoma kwa ufasaha darasa la pili, Kiingereza kilipewa maneno 65 kwa dakika na Kiswahili 45. Mtu asidhani watoto wanadekezwa. Neno kama "alipowatembelea" limebeba mtenda, wakati na watendwa, na mtoto lazima alifumbue lote ndani ya pumzi moja.

Nadharia moja ya nje ninaisisitiza kuliko zote, ile ya Gough na Tunmer ya mwaka 1986. Wanasema ufahamu wa kusoma ni zao la vitu viwili: kuweza kutamka kilichoandikwa, na kuielewa lugha yenyewe ikisemwa. Ni kuzidisha, si kujumlisha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Mwalimu atakayepangiwa kijiji ambacho watoto wanakua na Kisukuma au Kimaasai, aende nayo kichwani. Atakutana na mtoto anayesoma aya nzima bila kukwama, ukimwuliza nani alikwenda sokoni anakutazama tu. Huyo haongezewi kadi za silabi. Anahitaji kusimuliwa hadithi, kuulizwa, kujibu, kuigiza, kusikia Kiswahili kikisemwa kila siku kabla na baada ya kukisoma.

Kwenye mazoezi ya kufundisha, sisi wakufunzi ndio tunaoharibu mara nyingi. Tunafika na fomu, tunakagua andalio la somo, azimio la kazi, zana ukutani, mpangilio wa ubao. Mwanachuo anajua tunachotaka, anatuandalia somo la kupendeza. Badilisheni swali. Mwambieni: nitajie watoto watatu katika darasa hili ambao hawajaweza kusoma, na unieleze kila mmoja amekwama wapi na jana ulimfanyia nini. Yaliyobaki kwenye fomu yajazwe baadaye.

Najua swali linalofuata, darasa lina watoto tisini. Hasikilizwi kila mmoja kila siku. Wakati wengine wanaandika, watoto wanne au watano wanakuja mezani, kila mmoja kwa dakika moja, na daftari dogo lina ukurasa wa kila mtoto. Anza na wanaokaa nyuma, ambao hawanyooshi mkono. Tangu mtaala wa Tanzania wa 2015, masomo ya darasa la kwanza na la pili yamejikita kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), kwa hiyo muda upo kuliko tunavyokiri. Daftari hilo ulibebe kwenye kikao cha MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini. Badala ya kujadili "changamoto za wanafunzi" kwa jumla, walimu wafungue kurasa, waone kosa gani linajirudia madarasa yote mawili, wakubaliane jambo moja la kujaribu, na wiki mbili baadaye wawasikilize tena watoto walewale.