Kufyeka vichaka na pumzi ya udongo
Mkuu, umeuliza kama kufyeka vichaka vya chini kwenye misitu ya misonobari kule kaskazini mwa dunia kwenye baridi kunapunguza hewa ya ukaa inayotoka ardhini. Kwa sehemu ndiyo, maana mizizi nayo inapumua. Sweden waliwahi kubandua magome ya misonobari kuzunguka shina ili sukari isishuke mizizini. Ndani ya miezi 2 pumzi ya udongo, yaani hiyo hewa ya ukaa inayotoka ardhini, ikapungua kwa karibu nusu (matokeo yalitoka 2001). Hiyo ilikuwa miti mikubwa lakini, vichaka mchango wake ni mdogo.

Halafu ukifyeka unaondoa kivuli. Simama adhuhuri chini ya mwembe hapa Kirumba, kisha kanyaga mchanga wa juani peku, utaruka! Joto hilo huwachangamsha vijidudu wanaoozesha majani, nao hutoa hewa ya ukaa. Na mizizi uliyoiua nayo itaoza, kwa hiyo usipime wiki moja ukafunga daftari.