Hao wanyama wa kuchezea wa madini ya risasi ni Britains, sio wa Mjerumani

Mkuu, umeuliza hao ng'ombe na nguruwe wa kuchezea katengeneza nani: ni Britains, kampuni ya midoli ya London, sio kazi ya Mjerumani kama jamaa hapo juu anavyodai. Hayo maandishi ya tumboni kwenye picha yako ya pili, Britains Ltd Made in England, ndo jibu lenyewe, halafu mshike mkononi utaona mwepesi kuliko umbo lake maana ndani mtupu, walikuwa wanamimina risasi iliyoyeyuka kwenye kalibu, ikianza kuganda pembeni wanageuza ile ya katikati inamwagika, linabaki ganda tu. William Britain Junior alianza hiyo staili 1893 na ndo iliwakaba Wajerumani sokoni, vinyago vyao vingi vilikuwa vya kujaa ndani, vinakula madini na bei inapanda.

Wanyama wa shamba wenyewe walikuja mwanzoni mwa miaka ya 1920, vita imeisha na wazazi wamechoka kununua wanajeshi wa kuchezea. Risasi wakaachana nayo 1966 wakabaki na plastiki.

Ila jina peke yake lisikupandishie bei, wapo wanaopaka rangi upya wanauza kama orijino, na wakusanyaji wanalipia rangi ya kiwandani hata kama imechubuka. Usiwaweke kwenye kabati la mbao ya mwaloni, mvuke wake unafanya risasi iote unga mweupe, na huo unga ni sumu, madogo wasiguse kabisa.