Nilianguka katika dhikri: je, nimefikia daraja?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Kwenye hauli ya juzi, kumbukumbu ya mwaka ya sheikh wetu aliyefariki, tulisimama kwa dhikri ya Qadiriyya, tarika ya kisufi. Ilipopamba moto nilishikwa na ganzi vidoleni, sauti zikawa kama zatoka mbali, nikaanguka. Sikumbuki kitu mpaka niliponyunyiziwa maji usoni. Kaka mmoja wa zawiya, pale tunapokutania kwa dhikri, anasema ni jadhba, yaani nimevutwa na Mola, nimefikia daraja. Mama anasema nimepandwa na pepo. Isha niliswali kwa udhu ule ule wa Magharibi.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Nianze na Isha, maana hiyo ni deni: irudie. Kwetu Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, akili ikiondoka udhu umetenguka, iwe kwa kuzimia, kwa wazimu au kwa hali ya dhikri. Kuoga baada ya kuzindukana ni sunna, Mtume (s.a.w.) alizimia katika maradhi yake ya mwisho, na kila akizindukana akaomba maji aoge. Lau ungetetemeka na kulia tu, huku unajijua, udhu ungekuwa mzima.

Ama daraja, hapo tuende taratibu. Sura Az-Zumar aya ya 23 inasema ngozi za wanaomcha Mola wao husisimka, kisha ngozi na nyoyo zikalainika. Kuanguka hakukutajwa. Bibi Asmaa binti Abubakar, sahaba wa Mtume, alipoambiwa kuna watu wakisomewa Qur'ani huzimia, alijikinga kwa Allah na shetani. Ibn Sirin, mwanachuoni wa kizazi kilichofuata masahaba, alikuwa mkali zaidi: mtu huyo na aketishwe juu ya ukuta, asomewe Qur'ani mwanzo hadi mwisho, akianguka ni mkweli.

Mimi ukali huo siutupi kwa kila mtu. Zurara bin Awfa, kadhi wa Basra, alikuwa akiswalisha, akafika kwenye aya "litakapopulizwa baragumu", akaanguka akafa. Nabii Musa (a.s.) naye alizimia mlima ulipopondeka. Kwa hiyo kuzidiwa kupo, na aliyezidiwa ana udhuru. Nimesema udhuru, sikusema cheo. Junayd wa Baghdad, imamu wa masufi wenyewe, aliulizwa mbona watu wakitikisika yeye katulia, akajibu kwa aya: "Utaiona milima ukiidhania imetulia, nayo inapita kama mawingu." Mzee aliyekaa kimya pembeni ya halaka yenu, duara la dhikri, huenda ndiye aliyebeba zaidi.

Tena ile ganzi. Ukivuta na kutoa pumzi kwa nguvu na haraka, hewa ya kaboni hupungua damuni, mishipa ya ubongo hubana, vidole hufa ganzi, kichwa huwa chepesi. Aliyepuliza jiko la mkaa kwa mdomo anaijua. Sisemi moyo wako haukuwa kwa Mola usiku ule. Ila pumzi peke yake yaweza kumwangusha mtu, basi usiifanye ushahidi.

Mama mjibu kwa upole. Pepo wa ngoma hupanda na madai: ubani, pete, kitambaa chekundu, mbuzi. Wewe ulidai nini? Asikupeleke kwa mganga. Lakini ikikurudia nje ya dhikri, dukani au usingizini, nenda hospitali upimwe kifafa.

Hauli ijayo, ganzi ikianza, punguza pumzi, keti, endelea kwa moyo. Na huyo kaka aliyekupa daraja, mwombe asimame karibu akudake, usije ukapiga kichwa sakafuni.