Ligeti wa Uzeeni: Hesabu Kwanza, Ndipo Uhukumu

Msomaji ameandika kwamba mtunzi wa muziki György Ligeti aliukimbia usasa, yaani muziki unaovunja kanuni za zamani, alipozeeka, na kwamba trio yake ya baragumu (horn ya okestra), violini na piano ya mwaka 1982 ndiyo ushahidi. Kwa kuwa trio ile inamuenzi Brahms, mtunzi Mjerumani wa karne ya kumi na tisa, wengi waliiona usaliti tangu hapo. Mimi nakataa. Mtu aliyeandika Atmosphères mwaka 1961, kazi ya okestra ambayo husikii ndani yake pigo wala wimbo, hakuchoka kuvunja miiko. Alihamia kwenye miiko mingine.

Chukua Désordre, etudi (kipande cha kunoa ufundi wa mpigaji) yake ya kwanza ya piano (1985). Mkono wa kulia unapiga vibao vyeupe tu, wa kushoto vyeusi tu. Noti ndogo zinatiririka bila kukatika. Kinachohama ni mkazo. Kushoto unahesabu 3, 5, 3, 5, 5, 3, 8: jumla 32. Kulia ni 3, 5, 3, 5, 5, 3, 7: jumla 31. Mikono inaanza pamoja, lakini duru ya kwanza ikiisha wa kulia umeshatangulia noti moja, ya pili noti mbili, na pengo linazidi kupanuka.

Ukitaka kuipiga, funga piano kwanza. Gonga meza kwa kushoto mpaka 32 ikuingie mwilini, kisha kulia peke yake, kisha yote miwili polepole, metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo, ikihesabu noti ndogo, kamwe si mkazo. Wengi huharibu hapa: wanaufanya mkono mmoja kuwa mwenyeji na mwingine mgeni aliyechelewa. Wengine wanazipiga noti za katikati kwa nguvu ileile ya mkazo, nyimbo mbili za mikazo, moja kwa kila mkono, zinazama, inabaki kelele. Pedali nyingi nayo inaleta balaa hilohilo.

Midundo ya namna hii ilitoka wapi? Mwaka uleule wa trio, 1982, mwanafunzi wake wa zamani, Roberto Sierra, alimpa rekodi za Wabanda-Linda wa Jamhuri ya Afrika ya Kati zilizokusanywa na mtafiti wa muziki Simha Arom. Aliyekulia karibu na amadinda, marimba ya Buganda, ataelewa upesi: wawili wanapishanisha noti zao, kila mmoja kwa mwendo ulionyooka, na sikio linaokota wimbo ambao hakuna hata mmoja wao aliyeupiga. Huko si kurudi nyuma kwa Brahms!

Tena ile trio yenyewe isikilizeni vizuri. Baragumu linatakiwa kutoa sauti za asili za bomba lake, zile zinazopanda ngazi kwa ngazi kutoka ya chini kabisa, ambayo ndiyo ya kwanza. Sauti ya saba inaangukia chini ya ile ya piano kwa karibu theluthi moja ya nusu-toni, yaani ya hatua kati ya vibao viwili vinavyofuatana. Ya kumi na moja inakaa katikati ya vibao viwili. Mpigaji aliyezoea okestra huingiza mkono kwenye mdomo mpana wa baragumu, unakotokea sauti, ili azisawazishe. Asifanye hivyo. Mgongano na piano umeandikwa makusudi, na akiusawazisha anaitoa kazi nzima roho.